Mazoezi Yaje Hadi Uani

Mtu akipatwa na kiharusi Ramisi, katika Kaunti ya Kwale, nusu ya kwanza ya safari yake si mbaya sana. Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga ni ya lami, na hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni iko kilomita kumi na kitu tu. Jirani atatoa gari au itaitwa tuktuk. Mgonjwa atafikishwa, atalazwa, presha itashushwa polepole, sukari itapimwa, na Mungu akijalia ataruhusiwa kurudi kwake. Anarudi akiwa hai. Mkono mmoja umelala, mguu anauburura, mdomo umepinda, na pamoja na dawa za presha amepewa agizo la kurudi hospitali kwa mazoezi ya viungo.

Agizo hilo ndilo nusu ya pili ya safari, na ndilo linalowashinda wengi.

Ubongo ulioumia hujipanga upya. Sehemu zilizosalimika hujifunza kazi za zile zilizokufa, lakini hujifunza kwa kurudia: kushika na kuachia, kuketi na kusimama, mara kumi, mara mia, kesho tena. Sehemu kubwa ya nafuu huja katika miezi 3 ya kwanza, kisha kasi hupungua, ingawa mtu anaweza kuendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka. Kwa hiyo mazoezi si jambo la kufanywa siku mtu akipata nafasi. Ni tiba yenye kipimo chake na wakati wake, sawa na dawa ya sindano. Na miezi hiyo 3 ndiyo hasa ambayo mgonjwa wa Ramisi huimaliza akiwa kitandani, akingoja nauli.

Tuihesabu hiyo nauli. Kupitia mpango wa Inua Jamii, serikali hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya iliyosajiliwa yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Tuseme familia imebahatika kuwa kwenye orodha, na tuseme fedha zote zimewekwa kando kwa usafiri, pasinunuliwe hata kibaba cha unga. Mazoezi mara 3 kwa wiki ni safari 12 kwa mwezi, yaani kama Sh166 kwa kila safari. Mgonjwa hawezi kwenda peke yake, kwa hiyo ni viti 2 vya kwenda na viti 2 vya kurudi. Inabaki kama Sh41 kwa kiti. Hapo hujamlipa mtu wa bodaboda wa kuwatoa nyumbani hadi barabarani, na mgonjwa mwenyewe hawezi kukaa juu ya pikipiki bila kushikiliwa. Anayeishi kisiwani Funzi aongeze mashua hadi Bodo. Anayetakiwa katika hospitali kuu ya Pwani mjini Mombasa aongeze zaidi ya kilomita 60 hadi Likoni, kisha feri. Feri ni bure kwa mtu wa miguu, lakini ule mteremko wa kushukia, asubuhi watu wamejaa, si mahali pa mtu wa kiti cha magurudumu. Na anayemsindikiza, ambaye mara nyingi ni mke, binti au mkaza mwana, siku hiyo hakwenda shamba, hakuuza mbaazi, hakusuka makuti.

Ndiyo maana nashikilia kwamba atembee mtaalamu, asitembezwe mgonjwa. Huduma ya kumrudishia mtu uwezo wake, ambayo wataalamu huiita utengamao, inapaswa kuwa na makao Ramisi penyewe, katika zahanati na katika nyua za watu, na mtu anayeifanya awe analipwa kwa kazi hiyo. Maneno hayo ya mwisho nitayarudia hapa chini, kwa sababu ndipo mipango mingi ya namna hii huharibika.

Kwanza tuwajue wanaoihitaji. Ramisi ni mji uliotokana na miwa. Kiwanda cha sukari kilicholifanya jina lake lijulikane kilifungwa 1988, na ingawa kilimo cha miwa kilifufuliwa baadaye na kampuni ya KISCOL, vijana wengi wanakula kwa jasho la namna nyingine: mnazi, bodaboda, bahari. Kila kazi kati ya hizo ina njia yake ya kuumiza neva. Mgema akiponyoka kileleni huangukia mgongo au shingo, na uti wa mgongo ukikatika hauungi. Mwendesha bodaboda asiye na kofia ngumu huumia kichwa. Mifupa huunga, lakini nyumbani anarudi mtu mwingine, msahaulifu, mwepesi wa hasira, na mkewe hajui kwamba hiyo nayo ni dalili ya jeraha. Mzamiaji wa majongoo anayetumia mtungi wa hewa, akipanda juu haraka, viputo vya naitrojeni hutokea katika damu na katika uti wa mgongo, na kijana aliyeshuka majini akiwa mzima hutolewa miguu imekufa ganzi. Hatari hiyo inajulikana kwa wazamiaji wa pwani hii nzima.

Halafu kuna watoto. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano kali wiki ya kwanza, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, au aliyepatwa na degedege la malaria ya ubongo anaweza kubaki na mtindio wa ubongo: shingo haikai, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi, kumeza ni kazi. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu ulioenea sana pwani, anaweza kupata kiharusi akiwa bado wa shule ya chekechea. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 katika Kaunti ya Kwale. Kwa nchi nzima ilisema asilimia 2.2 ya watu wana ulemavu, lakini takwimu hiyo ni ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Mtoto wa miaka 2 ambaye hawezi kuketi hayumo ndani yake, na huo ndio umri ambao mazoezi yangemfaa zaidi.

Kuhusu kiharusi chenyewe, hesabu iliyofanywa kwa makini karibu nasi ni ya Tanzania. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walifuatilia kila kisa katika sehemu za Dar es Salaam na katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na visa vipya zaidi ya 300 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai kama 108. Kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vikubwa vilivyowahi kuandikwa duniani. Chanzo kikubwa ni presha isiyotibiwa. Haya si maradhi ya matajiri wa Ulaya. Ni ya kwetu, na huwapata watu ambao bado wanatafutia wana wao chakula.

Sasa twende nyumbani, tuone kinachotokea wiki za mwanzo.

Mgonjwa anataka kuketi. Wanawe wanamwonea huruma, wanamshika kwapa na kumvuta kwa ule mkono uliolegea. Bega ambalo misuli yake imelala haliwezi kujishika, hivyo kila likivutwa mfupa hushuka kidogo kutoka kwenye tundu lake. Baada ya mwezi bega linauma usiku kucha, na mtu mwenye maumivu hayo hukataa kuguswa, hukataa mazoezi, hukataa kuamka. Lingeepukwa kwa leso tu: ifungwe kiunoni kwa nguvu, mgonjwa ainuliwe kwa kushika leso, na mkono uliolegea uwekwe juu ya mto akiwa amelala au ameketi. Kumfundisha mlezi jambo hili hakuchukui hata saa moja. Lakini lazima pawe na mtu wa kulifundisha, na awe amesimama pale pale penye kitanda kile, kwa sababu kitanda cha hospitali kina vyuma vya kushikia na cha nyumbani hakina.

Mgonjwa ana njaa. Analishwa uji akiwa amelala chali, anapaliwa, anakohoa, na wiki ya pili ana nimonia. Anapaswa aketishwe wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, kijiko kidogo kidogo, kinywa kihakikishwe ni kitupu kabla ya kijiko kingine. Uji mzito mara nyingi humezeka kwa usalama kuliko maji matupu, jambo ambalo wengi hulidhania kinyume.

Halafu ngozi. Asiyejigeuza mwenyewe hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, na visigino, nyonga na sehemu ya juu ya makalio hukaguliwa kila siku. Kwa kijana aliyevunjika uti wa mgongo hili si suala la starehe. Vidonda vya kulalia, pamoja na maambukizi yanayotokana na mpira wa mkojo, ndivyo vinavyowamaliza vijana hao miaka michache baada ya ajali, wakati jeraha lenyewe halikuwaua. Nchi nzima ina hospitali moja tu ya umma iliyo maalumu kwa majeraha ya uti wa mgongo, nayo iko Nairobi. Kijana wa Ramisi akipata kitanda huko ni heri kwake, lakini akitoka huko atarudi kwenye nyumba ya makuti yenye kizingiti kirefu na choo cha shimo nyuma ya migomba.

Choo hicho nacho kina dawa. Seremala wa kijijini akikata tundu katika kiti cha mbao kilicho imara, mtu asiyeweza kuchuchumaa anapata kujisitiri mwenyewe. Nguzo 2 za mvinje zikilazwa sambamba uani kwa kimo cha nyonga, juu ya vigingi, mtu anapata pa kujifunzia kutembea akishika huku na huku. Kiti cha magurudumu kinahitaji uangalifu zaidi. Vile vya hospitali, vyenye vijigurudumu vidogo mbele, vimetengenezwa kwa sakafu ya saruji. Kwenye mchanga wa Bodo au Shirazi huzama na kusimama. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti vya maeneo kama haya tangu 2008, na viti vya magurudumu 3, vyenye gurudumu kubwa lililosogezwa mbele, vipo Afrika Mashariki. Mtu akipewa kiti kisichomfaa, kitageuka kiti cha kuanikia nguo, kisha aliyekitoa ataamini kwamba msaada umefika.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo yote. Mara nyingi kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo huharibu usemi. Mtu anaelewa, anajua anachotaka, lakini neno haliji, au linakuja neno jingine. Familia humwona kama aliyepotewa na akili, na watu wanaanza kusemezana juu yake mbele yake kana kwamba hayupo. Mzee huyo huyo asiyeweza kulitaja jina la mkewe anaweza kusoma Al-Fatiha yote bila kukwama, kwa sababu maneno yaliyokaririwa tangu utotoni hupita njia nyingine katika ubongo kuliko maneno ya kutunga papo hapo. Wapo wanaodhani kwamba hiyo ni dalili kuwa anajifanya. Mtaalamu wa usemi angeianzia hapo hapo tiba yake: kuhesabu, siku za wiki, dua, wimbo anaoujua, kisha polepole neno la kuomba maji. Wataalamu hao ni adimu Kenya nzima. Lakini hata bila wao, mhudumu aliyefunzwa anaweza kuwaambia wana wa mzee huyo kwamba baba yao anasikia kila neno. Takriban mmoja kati ya 3 ya waliopata kiharusi hupata pia sonona, na kuzungumzwa kama samani chumbani hakumsaidii yeyote kutoka humo.

Mazoezi mazuri huanza kwa kumuuliza mtu anataka kurudia nini. Mzee mmoja atasema anataka kutawadha mwenyewe na kufika msikitini Ijumaa. Basi hayo ndiyo mazoezi: kuinua birika, kusugua mkono kwa mkono, kuvua kiatu, hatua za kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka. Mama atasema anataka kupika. Kuketi juu ya mbuzi na kukuna nazi kunataka kiwiliwili kisiyumbe, mkono mmoja ushike kifuu, mwingine uelekeze na kusukuma. Hakuna mashine ya hospitali inayofundisha yote hayo kwa pamoja. Kusuka ukili hufundisha vidole kwa namna ambayo kufinya mpira wa plastiki hakufikii. Mtaalamu wa tiba kazi, ambaye kazi yake ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake za kila siku, akiwa Msambweni atakuwa na mpira wa kufinya. Akiwa uani Ramisi atakuwa na mbuzi, ukili, birika na kisima. Kwangu mimi, hiyo ni sababu yenye nguvu kuliko hata nauli.

Familia nyingi hazianzii hospitali, au hutoka hospitali na kwenda kwingine. Mgonjwa husomewa, hupewa kombe, hupelekwa kwa mganga ikisemekana amekanyaga kitu, hukandwa kwa mafuta ya nazi. Sioni faida ya kuwakejeli. Kisomo humtuliza mtu, na kukandwa taratibu hakudhuru. Kwa kweli mkandaji huyo ndiye mtu pekee aliyemgusa mgonjwa kwa nia ya kumponya tangu alipotoka wodini. Kinachodhuru ni kukandwa kwa nguvu juu ya bega lililolegea, ni dawa ya moto juu ya ngozi isiyohisi, ni kuambiwa aache dawa ya presha, na ni miezi inayopotea. Wakandaji wa vijijini wakiitwa zahanati wakafundishwa yale ya leso na bega, tutakuwa tumepata wasaidizi.

Nilisema nitarudi kwenye suala la malipo. Neno "jamii" lina uzuri wake, lakini limetumiwa pia kuficha uzembe. Ni rahisi mpango ukaitwa wa kijamii, kumbe maana yake ni kwamba mke wa mgonjwa ameongezewa kazi juu ya kazi. Swali la kama jamaa wanaweza kuibeba kazi hiyo limejaribiwa. India, katika hospitali 14, wagonjwa 1,250 wa kiharusi waligawanywa makundi mawili: kundi moja likapata huduma ya kawaida, la pili likaongezewa mafunzo kwa jamaa ili wao waendeshe mazoezi nyumbani kwa hadi miezi 2. Matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet 2017. Baada ya miezi 6, makundi yote mawili yalikuwa sawa: karibu nusu walikuwa wamefariki au wanategemea wengine. Watafiti wenyewe wakashauri kwamba fedha zisiwekwe katika huduma zinazowatwika jamaa kazi hiyo, bali uchunguzwe uwezekano wa kuwapa wasaidizi wa afya au timu za kijamii.

Linganisha na majaribio 17 yaliyokusanywa pamoja mwaka huo huo, yenye wagonjwa 2,422. Hapo mgonjwa aliruhusiwa mapema na kufuatwa nyumbani na timu ya wataalamu inayopanga kazi kwa pamoja, na waliofuatwa hivyo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai na kujitegemea. Mengi ya majaribio hayo yalifanyika katika nchi tajiri, na walionufaika zaidi ni wale ambao kiharusi chao hakikuwa kikali mno. Hata hivyo tofauti naiona waziwazi. Nyumba ni mahali pazuri pa tiba pakiwa na timu. Bila timu, nyumba inabaki mahali pa kulelea mgonjwa.

Jamii ina kazi yake halisi, na ushahidi wake uko ng'ambo ya Mombasa tu, Kilifi. Huko, Karen Bunning, Joseph Gona, Charles Newton na wenzao, wakishirikiana na mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome, waliwakusanya walezi wa watoto wenye ulemavu katika vikundi vya kusaidiana, vyenye akiba, miradi midogo ya kipato na mafunzo. Utafiti wao uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba walezi walipata msaada zaidi wa watu wanaowazunguka, na mizigo waliyoiona mizito ilipungua uzito. Huo si uponyaji wa mguu uliokakamaa. Ni kumfanya mama asiwe peke yake, asimfiche mtoto, apate fedha kidogo na moyo wa kurudia mazoezi kesho. Mambo haya mawili, timu inayolipwa na kikundi cha walezi, yanahitajiana. Ramisi wanawake tayari wana vyama vyao vya kuchanga. Kilichobaki ni kuwafikia wenye watoto hawa, maana aibu na kazi huwaweka ndani.

Mpango wenyewe ungekuwaje? Siku moja ya wiki isiyobadilika, mtaalamu wa fiziotherapia na wa tiba kazi wakiwa katika zahanati ya Ramisi, kila mgonjwa wa eneo akijua siku yake. Siku nyingine 2, pikipiki na mkoba, nyumba kwa nyumba, wakianza na waliotoka wodini mwezi huo. Wodi ya Msambweni itume jina kabla mgonjwa hajavaa nguo za kwenda kwao. Kwa mujibu wa ngazi za huduma Kenya, wataalamu hawa kwa kawaida hupatikana kuanzia hospitali ya ngazi ya 4, na zahanati ni ngazi ya 2. Pengo hilo ndilo linalopaswa kuzibwa, na wahitimu wa vyuo vya KMTC wanaotafuta ajira wapo. Kati ya ziara na ziara, mhamasishaji wa afya ya jamii apite. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua wahamasishaji wapatao 100,000 nchini, kila mmoja ana kaya kama 100 na mkoba wenye kipimo cha presha. Atapima presha, atakagua visigino, ataona kama leso inafungwa vizuri, na akiona jambo baya atapiga simu. Asifanywe mtaalamu wa viungo kwa siku 2 za semina, na asiongezewe kazi hii juu ya posho ile ile ya Sh5,000.

Si jambo geni huku. Kituo cha macho cha Kwale kimekuwa kikituma wafanyakazi wa nyanjani vijijini tangu miaka ya 1990. Shirika la APDK, lililoanzishwa 1958, lina tawi lake Port Reitz na karakana ya Bombolulu, na uzoefu wake wa kuwafuata watu wenye ulemavu walipo ni wa miongo mingi. Mashirika haya yakaribishwe, lakini msingi usiwe wao. Kampuni ya Base Titanium, iliyofadhili miradi mingi ya jamii upande huu wa Kwale, ilimaliza uchimbaji mwishoni mwa 2024. Mfadhili ana siku yake ya kuondoka; aliyepooza atahitaji huduma mwaka huu na mwaka ule.

Msingi ni serikali ya kaunti. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti huduma za afya, na tangu 2013 zahanati ni zake. Azimio la Alma-Ata la 1978, ambalo afya ya msingi ya dunia nzima inalitegemea, lilitaja mambo manne kwa pamoja: kukuza afya, kukinga, kutibu na kumrudishia mtu uwezo. Zahanati zetu zinakinga kwa chanjo na kutibu kwa dawa, na jambo la nne limeachwa hospitali kubwa. Mei 2023 mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani yalipitisha azimio la kuiingiza huduma hii katika mifumo ya afya, na Oktoba mwaka huo Kenya ikapata Sheria ya Afya ya Msingi na ile ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyozaa mamlaka ya SHA, ambayo ilianza kazi mwaka uliofuata. Zote ni karatasi nzuri.

Lakini SHA hudai kitambulisho, na hapa Ramisi ina historia yake. Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya hapa, waliishi bila uraia hadi walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani hii wakatambuliwa 2023. Mzee aliyeishi miaka 60 bila kitambulisho, kisha akapooza kabla ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, yuko nje ya bima, nje ya Inua Jamii na nje ya daftari la Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Msajili naye ashuke kwenye gari aingie uani.

Fedha za mtaalamu wa Ramisi hazitatoka katika hotuba. Zitatoka katika bajeti ya kaunti, na bajeti ina tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, makadirio kufikia 30 Aprili, na yote hupitishwa kabla ya Juni kwisha. Katikati kuna vikao vya maoni ya wananchi, ambavyo huishia kwenye barabara, maji na karo za shule, kwa sababu wanaohudhuria ni wanaoweza kutembea. Kikao cha wadi kifanyike mahali ambapo kiti cha magurudumu kinapita, walezi wapewe nafasi ya kwanza ya kusema, na karani aandike swali lao kama lilivyoulizwa: mtaalamu atafika Ramisi siku gani ya wiki, analipwa na nani, na mafuta ya pikipiki yake yako katika fungu gani.